Miti yenye tarehe: kuitembelea bustani ya Amani, Usambara Mashariki

Ukitoka Muheza kupanda Amani, barabara inapita katikati ya misaji, yaani mitiki, ya Longuza. Simama hapo dakika tano. Tafuta chipukizi la msaji kando ya barabara, kata kipande cha jani changa kisichozidi ukucha, kisha kisugue kati ya vidole viwili. Vidole vinageuka rangi ya damu ya mzee, kama umeshika hina mbichi. Hakuna njia ya haraka kuliko hiyo ya kuutambua msaji, na haihitaji kitabu.

Sasa angalia ulipo. Longuza iko chini, penye joto na kiangazi cha kweli. Msaji unataka miezi mitatu hadi mitano ya ukavu ili uvue majani na kupumzika. Amani kwenyewe, kwenye mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari, mvua hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na hata miezi inayoitwa ya kiangazi ina manyunyu na ukungu wa asubuhi. Mwendo wa kutoka hapa hadi kule si mrefu, lakini kwa msaji hizo ni nchi mbili. Jambo kama hilo halijulikani kwa kukisia. Lazima mtu apande, asubiri miaka, aandike alichokiona. Hiyo ndiyo kazi ya bustani ya miti, na ukiielewa hapo Longuza, utafika Amani ukiwa na macho tayari.

Wengi wakisikia "bustani" hufikiria maua na mabenchi. Watu wa misitu wana neno lao, aboreta, na maana yake ni finyu zaidi: ni mahali ambapo kila mti una jina, una kitalu chake, inajulikana mbegu ilitoka wapi na mche ulipandwa lini. Mti usio na kumbukumbu hizo, uwe mrembo namna gani, ni mti tu. Aboreta ya Nairobi ilianza 1907 kwa swali moja la kidunia kabisa: ni mti gani utakua haraka kutosha kulisha injini za reli kuni, maana misitu ya karibu ilikuwa inakwisha? Ile ya Ruhande, kule Huye nchini Rwanda, ilianzishwa miaka ya 1930 kujaribu miti ya kigeni kwa ajili ya nchi ya vilima yenye njaa ya mbao na kuni. Kila bustani ya namna hii ina swali lake. Ukienda bila kulijua utaona kijani kibichi tu, utapiga picha, utarudi.

Swali la Amani lilikuwa hela. Wajerumani walipanda kahawa Usambara Mashariki miaka ya 1890, wakifyeka msitu kwa kuamini kwamba penye miti mikubwa namna ile lazima pana rutuba. Kahawa ilianza vizuri, kisha ikanywea. Udongo ule mwekundu ni wa kale, una tindikali, umeoshwa na mvua kwa muda mrefu mno. Mali yote ya msitu iko juu, kwenye majani yanayoanguka na kuoza na kunyonywa tena na mizizi ya juujuu kabla mvua haijaibeba. Ukiondoa miti umeondoa ghala lenyewe. Mwaka 1902 ikaanzishwa taasisi ya utafiti wa biolojia na kilimo hapo Amani, Franz Stuhlmann akiwa miongoni mwa waasisi wake, ili kujua kitu gani kingeweza kuota na kuuzika: mpira wa aina zote, mkwinini, mkafuri, mdalasini, mianzi, michikichi, miti ya mbao kutoka Asia na Amerika. Bustani ilipewa hekta zipatazo 300, ikianzia chini kwenye mita 400 hivi hadi zaidi ya 1,000, ili mmea uleule ujaribiwe kwenye joto tofauti. Hata leo ni miongoni mwa bustani kubwa za mimea Afrika.

Kuna jambo moja la historia ambalo mgeni analazimika kulijua kwa sababu litamsumbua kwa miguu yake. Waingereza waliichukua Amani mwaka 1916 na baadaye wakaifanya kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki. Mwishoni mwa miaka ya 1940 kazi hiyo ikahamishiwa Muguga, Kenya. Mkusanyo wa mimea mikavu, ile inayobandikwa kwenye karatasi na kuhifadhiwa kabatini, ukapelekwa Nairobi mwaka 1950. Majumba yakaingia kwenye utafiti wa malaria, na hadi sasa wenyeji wake ni Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Kwa hiyo miti ilibaki, karatasi zikaondoka. Ukikuta mti mkubwa usio na kibao, au kibao kisichofanana na mti, ujue ndipo mzizi wa fitina ulipo.

Kufika

Kutoka Dar unapinda Segera kuelekea Tanga, unashuka Muheza. Kutoka Tanga mjini ni safari fupi ya lami. Toa fedha taslimu na ujaze vocha hapohapo Muheza, kwa sababu huko juu huduma hizo si za kutegemea. Barabara ya Amani ni ya udongo. Masika, kati ya Machi na Mei, inateleza kama bamia, na gari dogo linaweza kulala njiani. Vuli ya Oktoba hadi Desemba ina nafuu kidogo. Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba, na Januari na Februari. Mabasi ya abiria kawaida hupanda mchana na kuteremka alfajiri, ratiba inayomfaa mwenye soko, si mtalii. Kwa asiye na gari hiyo ina maana kwamba kwenda na kurudi siku moja ni kujidanganya. Panga kulala mara mbili. Bodaboda zipo, ila kona za kupanda ni kali, na ukiwa na begi mgongoni mvua ikakukuta, utajuta.

Geti liko Zigi, kwenye mita 450 hivi, penye kituo cha zamani cha reli ndogo iliyojengwa na Wajerumani kuteremsha magogo hadi njia kuu ya Tanga. Nyumba ya mkuu wa stesheni ndiyo kituo cha maelezo sasa. Hapo unalipa kiingilio cha Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, ya kwanza ya aina hiyo nchini, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali, si noti mkononi. Mtandao ukiyumba unakaa unasubiri, basi usifike saa kumi jioni.

Chukua mwongozaji. Siwasemei kwa upendeleo. Waongozaji wa Amani wanaijua miti kwa Kisambaa, kwa Kiswahili na kwa Kilatini, na hilo la kwanza ndilo huwezi kulipata kwingine. Mwambie mapema unataka bustani ya mimea na unataka kwenda polepole, kwani wageni wengi huomba vinyonga, maporomoko na mandhari ya kilima cha Mbomole, na asipoambiwa atakupeleka huko.

Mkoba wenyewe: suruali ndefu na soksi za kuvutia juu ya pindo, kwa ajili ya siafu na kupe, viatu vyenye meno, sweta, kwani wastani wa joto ni nyuzi 20 hivi na jioni inashuka, mwavuli badala ya koti la mvua, kwa sababu utasimama sana na kutembea kidogo, darubini, futi ya kamba ya fundi cherehani au kamba yoyote ya mita tano, daftari na penseli. Penseli, si kalamu. Wino na ukungu wa Amani havipatani. Usije na mifuko ya plastiki ya kubebea, kama rambo. Imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019. Kopo la plastiki lenye mfuniko linatunza simu na daftari vizuri kuliko mfuko.

Kibao kinasema nini, na kinadanganya wapi

Ukifika kwenye mti wenye kibao, soma kwanza kibao, halafu usikiamini.

Kosa la kwanza ni majina kuukuu. Wataalamu wa mimea hubadilisha majina kila utafiti unapoonyesha undugu mpya. Mvule utaukuta umeandikwa *Chlorophora excelsa* kwenye maandishi ya zamani. Leo ni *Milicia excelsa*. Mnyasa ulikuwa *Piptadenia buchananii*, sasa *Newtonia buchananii*. Mti ni uleule. Andika majina yote mawili, ukirudi nyumbani utayapatanisha.

Kosa la pili ni baya zaidi: mti uliopandwa ulikufa, na uliosimama mbele yako ni mche uliojiotea palepale, pengine wa jirani yake. Dalili zake zinaonekana ukitulia. Miti iliyopandwa hukaa kwa mstari na nafasi zinazolingana, hata baada ya miaka mia moja. Simama kwenye mti mmoja, tazama huku na huku, hesabu hatua hadi wa pili na wa tatu wa aina hiyo. Ukikuta hatua sita, sita, sita, halafu mmoja umejitenga hatua nne na kiunoni ni mwembamba kuliko wenzake, huyo ni mtoto wa nje ya ndoa. Tarehe ya kibao haimhusu.

La tatu ni la kiufundi tu. Kibao kilichopigiliwa kwa msumari hadi mwisho humezwa na gome. Mti unanenepa kila mwaka, msumari haurudi nyuma. Unaona midomo miwili ya gome imebana bati, herufi tatu za mwisho zimeshaingia ndani. Waya uliozungushwa shina mzima ni hatari zaidi, maana unaunyonga mti kwa kubana njia ya chakula iliyo chini tu ya gome. Mwenye bustani yake shuleni au kijijini na ajifunze hapa: tumia msumari wa alumini, uache sentimita tatu hadi nne nje, kibao kining'inie mwishoni, na kila baada ya miaka michache uuvute nje kidogo.

Kiswahili chenyewe kina deni hapa. P. J. Greenway, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi Amani kabla ya mkusanyo kwenda Nairobi, alikusanya kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili iliyochapwa mwaka 1940. Tatizo alilokutana nalo bado lipo: jina moja, miti mitatu; mti mmoja, majina saba kutoka Tanga hadi Lindi. Ndiyo maana, pamoja na mapenzi yote ya lugha, jina la Kilatini liandike.

Kupima

Kipimo cha unene huchukuliwa kwenye mita 1.3 kutoka ardhini, kimo cha kifua. Kwenye mteremko, na Amani ni mteremko mtupu, unasimama upande wa juu wa mti. Zungusha kamba, hakikisha haipandi wala kushuka upande wa nyuma, pima urefu wake, gawa kwa 3.14. Mzunguko wa mita 4.71 ni kipenyo cha mita moja na nusu. Miti mingi mikubwa ina zile mbavu za shinani zinazotoka kama mapezi ya samaki. Ukizipima hizo utapata namba ya kuchekesha. Panda juu yake, pima sentimita 30 hivi juu ya pale mbavu zinapoishia, na uandike kwamba ulipima hapo. Kama zinaishia mita nne juu, acha. Usipande.

Urefu unataka fimbo tu. Nyoosha mkono mbele, shika fimbo wima ili sehemu iliyo juu ya ngumi ilingane kabisa na umbali wa kutoka jicho lako hadi ngumi. Sasa rudi nyuma, ukilenga, hadi ngumi iguse chini ya mti na ncha ya fimbo iguse kilele. Umbali wa kutoka hapo hadi kwenye mti ndio urefu wa mti. Hatua 42 za sentimita 75 ni mita 31 na nusu. Makosa ni mawili. Ukirudi nyuma kwa kuteremka au kupanda, hesabu inaharibika. Tembea kwa kuambaa mlima, usawa uleule wa shina. Na kilele unachokiona mara nyingi si kilele, ni tawi la mbele lililoinama upande wako. Mwombe mwenzio asimame upande wa pili alenge naye, kisha chukua wastani.

Unene pekee haukupi umri. Nchi za baridi mti huacha duara moja kila mwaka. Huku kwetu mti wa msitu wa mvua unaweza usiache duara la kueleweka, na michikichi na minazi haina maduara kabisa. Hapo ndipo aboreta inapouzidi msitu. Mti wenye tarehe ya kupandwa, ukiupima leo, unajua umenenepa kiasi gani kwa mwaka kwenye udongo huu na mvua hii. Bila tarehe, hadithi za "mti wa miaka mia tano" ni za barazani.

Kutambua bila kuumiza

Msituni watu hukwangua gome kwa panga kuona rangi na utomvu. Bustanini hairuhusiwi, na si lazima. Okota kilichoanguka. Jani la mkafuri ukilifikicha pua inafunguka mara moja. La mdalasini lina harufu tamu na mishipa mitatu inayokimbia kutoka shingoni hadi nchani. Mtambara, *Cephalosphaera usambarensis*, mmoja wa miti mikubwa ya asili hapa, ni wa ukoo wa mkungumanga ule wa Unguja. Linganisha ukirudi pwani.

Kosa la kila siku la mgeni ni kuokota jani chini ya mti akadhani ni la mti huo. Juu kuna matawi ya jirani, kuna mitambaazi, kuna mimea iliyopanga mitini. Okota majani matano au sita, tafuta lililo jingi kuliko yote, halafu inua darubini ulione likiwa tawini. Usipoliona tawini, huna jibu. Na ukipiga picha, piga kwa mpangilio: kibao, shina zima, gome kwa karibu ukiwa na sarafu kando yake kwa kipimo, jani mbele na nyuma, tunda. Usielekeze simu angani moja kwa moja. Mwanga wa nyuma unageuza mti kuwa kivuli cheusi. Gusa skrini kwenye gome, simu ipime mwanga wa hapo, ndipo upige.

Chini ya msambu usikae kula. Tunda lake ni kubwa, la kahawia, linaweza kufika sentimita 30 kwa urefu na kilo kadhaa kwa uzito, na linaanguka lenyewe likiiva. Si kila msambu unazaa: kuna miti dume na miti jike, kama papai. Mbegu zake zina mafuta yanayoganda yakipoa, na wakazi wa milima hii wameyatumia kupikia tangu zamani, kabla viwanda havijaanza kuzinunua. Anayetaka kuotesha avumilie. Mbegu inaweza kukaa miezi mingi, hata kupita mwaka, kabla ya kuchipua. Jina lake la kisayansi, *Allanblackia stuhlmannii*, linamkumbuka yuleyule Stuhlmann.

Mpira uliofeli, na kisamvu

Kama una nafasi ya kusimama kwenye mti mmoja tu bustani nzima, chagua mpira wa Ceara, *Manihot glaziovii*. Si mkubwa wala si mzuri. Uliletwa kutoka Brazili kwa ajili ya utomvu, mashamba yakapandwa Tanga nzima, na mwaka 1913 bei ya mpira ikaporomoka kwa sababu mashamba ya Asia ya Kusini-Mashariki yalikuwa yameanza kutoa mzigo. Kwa hesabu za aliyeuleta, ulifeli.

Tazama jani lake. Limechanuka vidole kama jani la muhogo, kwa sababu ni ndugu wa muhogo. Wapishi wa Tanga walishalijua hilo bila maabara: kisamvu cha mpira kiko sokoni hadi leo. Miaka ya 1930, batobato ilipokuwa ikiikunja mihogo ya Afrika Mashariki na kuipaka madoa ya njano, H. H. Storey na R. F. W. Nichols hapo Amani waliuchavusha muhogo kwa mpira huu. Vizazi vya kwanza vilistahimili ugonjwa lakini mizizi yake ilikuwa kamba tupu. Wakavichavusha tena na muhogo, tena na tena, hadi wakapata mizizi inayolika huku ukinzani ukibaki. Mbegu za kazi hiyo zilifika Nigeria, na damu yake imo katika mihogo mingi inayovumilia batobato barani. Katani nayo ina hadithi ya namna hiyo: chotara namba 11648, iliyozagaa mashambani, imetokana na *Agave amaniensis*, yenye jina la hapahapa.

Mkwinini pia utauona. Wakati wa Vita ya Kwanza, meli za Ujerumani zikiwa zimezuiliwa baharini, magome yake ndiyo yaliyotengenezewa kwinini ya kutibu malaria ya askari.

Waliotoroka

Upande wa pili wa hesabu uko ukingoni mwa bustani, na watu wengi wanaupita bila kuujua. Mpira wa Panama, *Castilla elastica*, una jani kubwa lenye manyoya, refu kama mkono hadi kiwiko, na unaangusha vitawi vizima vizima pamoja na majani yake, kwa hiyo chini yake panaonekana kama mtu amekwanyua ufagio. Matunda yake ni visahani vyekundu vya rangi ya machungwa, na ndege na kima wanavipenda. Ondoka kwenye safu ya miti iliyopandwa, tembea hatua hamsini kuelekea msituni, ukihesabu miche ya jani hilo. Rudia mahali pengine. Hapo umefanya utafiti mdogo wa kweli.

Muhesi, *Maesopsis eminii*, umekwenda mbali zaidi. Kwao ni Bukoba, Uganda na magharibi zaidi. Amani uliletwa kabla ya Vita ya Kwanza. Ungeweza kukaa kimya kwenye kitalu chake, lakini mambo mawili yaliusaidia. Uvunaji wa magogo wa miaka ya 1970 na 1980 ulitoboa paa la msitu, na muhesi ni mti wa jua, unakimbilia kila pengo. Na hondohondo wanameza tunda zima, wanaruka bonde zima, wanaitema au kuinya mbegu upande wa pili. Mti unaobebwa na ndege mkubwa namna hiyo hauzuiliki kwa uzio. Ukiwa Mbomole, tazama paa la msitu: vilele vya muhesi vimetawanyika, vina matawi ya ghorofa ghorofa na majani yasiyobanana. Mimi sioni ni haki kuwalaumu waliopanda wakati ule kwa kutojua. Waliopasua msitu baadaye tayari walikuwa na mti huo mbele ya macho yao.

Kitu kimoja kidogo cha asili kimekwenda mbali kuliko vyote. Kwenye miamba yenye kuvu na kivuli, karibu na maji, Zigi hadi Amani, huota ua dogo la urujuani lenye majani ya mahameli. Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani wa Tanga, alilituma Ulaya mwaka 1892. Hermann Wendland akalipa jina *Saintpaulia* mwaka uliofuata, na leo liko kwenye madirisha ya nyumba za Ulaya na Marekani kwa mamilioni. Usiling'oe. La mwambani halitaishi kwenye sebule yako ya Dar, na lile la dukani linaota kwa jani moja tu: kata jani na kikonyo chake, lichomeke mshazari kwenye mchanga wenye mboji, usilimwagie maji ya baridi juu ya majani yake kwani yanaacha mabaka, na baada ya majuma kadhaa vichipukizi vitatokea shinani.

Gawa siku yako hivi: asubuhi ukungu ukianza kupanda, bustani, kwa saa nne, usizidishe miti kumi na tano, mchana pumzika na usafishe daftari kabla hujasahau herufi zako mwenyewe, alasiri nenda ukingoni kwa waliotoroka. Anayetaka kuona yote kwa siku moja atarudi na picha mia mbili za magome asiyoweza kuyataja.

Kabla ya kuteremka, kaa kwenye ngazi za Zigi, vua viatu, na utoe tope kwenye meno ya soli kwa kijiti, ulimwage palepale. Kuna kichaka kifupi chenye manyoya, *Clidemia hirta*, kilichotoka Amerika na kuzoea hapa, chenye vitunda vya zambarau iliyokolea. Tunda moja lina mbegu zaidi ya mia, kila moja ndogo kama chembe ya ugoro, na zinakaa vizuri sana kwenye tope la kiatu. Kagua pia pindo la suruali na Velcro ya begi. Basi la alfajiri halikusubiri, kwa hiyo ifanye kazi hiyo jana yake usiku.